Sheria ya Vikombe

Mwezi uliopita waliniita Kericho mjini kuzungumza na wasichana wanaofanya kazi za kompyuta na mitambo. Walijaa ukumbi mdogo wa hoteli, kila mmoja na mashine yake mapajani, na chai ya maziwa ikapoa mezani kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana akinywa mgeni akiongea. Mimi nilialikwa kwa sababu moja tu: nilikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza wa pande hizi kwenda ng'ambo kwa mpango wa kubadilishana mafundi, ule unaompa kila msichana mhandisi mwanamke wa kumwongoza. Nilipomaliza, msichana mmoja wa sweta ya kijani, aliyesema anaandika programu za simu, aliinua mkono. "Madam, wewe ulijoin kwa nini? Sisi wengi ni CV tunatafuta, tusidanganyane. Wewe enzi hizo ulikuwa unatafuta nini?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu ninavyojibu siku zote: kupanua mawazo, kuona teknolojia mpya, kujuana na wanawake wa fani yangu. Wakapiga makofi, naye akainama akaandika jibu langu neno kwa neno. Kumwona akiandika kulinitia aibu ambayo sikuitegemea kwa umri wangu. Nilikuwa nimempa maneno yaliyopigwa pasi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na nafsi yangu, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Habari za kwetu na nilivyosomeshwa naziacha, hazina tofauti na za watu wengi. Naanzia mwaka wa tisini na sita, mvua za masika zikianza, nilipoajiriwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha majani chai upande wa juu wa Roret. Fundi wa vipimo ni yule anayehakikisha kwamba mita zinasema kweli: joto, unyevu, mwendo wa feni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na stashahada iliyokuwa bado inanuka wino. Nyumba za mafundi zilikuwa za wanaume watupu, vyumba sita na bafu moja, kwa hiyo karani wa nyumba alikuna kichwa, kisha akanipeleka laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, chumba namba kumi na saba, kwa mwanamke aliyeitwa Mama Kerubo. Alikuwa ametoka Kisii, watoto wake walikuwa wanalelewa na nyanya yao huko, na alikuwa amesimama kwenye mdomo wa draya, ile mashine kubwa ya kukaushia chai, kwa miaka tisa. Alinitazama mimi na sanduku langu la vifaa, akatazama kitanda cha pili kilichojaa magunia yake, akasema, "Karibu. Lakini mimi nakoroma." Kweli alikuwa anakoroma. Chumba kile kilikuwa na jiko la makaa karibu na mlango, pazia la maua katikati, kalenda ya kanisa, na harufu ya chai iliyokauka ambayo haikutoka hata tukifua kila kitu. Mpaka leo nikifungua pakiti ya majani ya chai naona lile pazia.

Tulikula pamoja kuanzia siku ya kwanza. Mimi nilileta mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka nyumbani ndani ya kibuyu, naye alipika mboga ile ile ambayo yeye aliiita chinsaga na mimi niliita isagek, na tulibishana kila jioni ni nani aliyeijua kwanza. Ugali wangu ulimchekesha. "Fundi mzima," alikuwa akisema, akininyang'anya mwiko, "huko chuo walikuwa wanakufundisha nini kama si kusonga?" Aliniuliza maswali mengi bila haya: umeme unatembeaje ndani ya waya, kwa nini mita ina mshale, nilikuwa nalia nilipofeli mtihani au nilikuwa nanuna. Hakuona ubaya wowote katika kuuliza. Nilimjibu yote nikajiona mtu mkubwa. Sasa nikikumbuka, katika miezi ile yote mimi sikumuuliza kazi yake inafanywaje hata mara moja. Niliona ni kusimama tu.

Karakana ilikuwa na wanaume saba na mimi. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Langat, mtu mfupi, mpole, aliyeweka penseli nyuma ya sikio na kuitafuta siku nzima. Huko kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, nayo iliitwa sheria ya vikombe. Yeyote aliyeuliza jambo ambalo wengine waliona fundi anapaswa kulijua, aliosha vikombe vya chai vya karakana nzima kwa wiki. Vilikuwa vikombe vya bati, vyenye ukoko wa maziwa na grisi ya vidole. Rono, fundi wa boila, mtu mwenye mke na watoto watatu, aliwahi kuuliza beringi fulani inaingia kwa upande gani, akaosha wiki nzima akiimba, na wenzake wakimletea vikombe visivyo na uchafu ili tu waone akiosha. Kwao ulikuwa mchezo. Siku yangu ya kwanza mmoja alinitazama akasema, "Haya, tumepata wa kuosha vikombe." Bwana Langat akamkata. "Hapana. Huyu ni fundi. Ataosha akiuliza, kama wengine." Alisema kwa nia njema kabisa, na nilimshukuru. Lakini nilijua kitu ambacho yeye hangeweza kukijua. Rono akisimama kwenye karai wiki moja, Jumatatu inayofuata anarudi kuwa fundi wa boila. Mimi nikisimama pale mara moja tu, sitatoka tena. Nikaapa moyoni kwamba sitauliza kitu chochote katika ile karakana mpaka nizeeke.

Nikashika kiapo changu. Nilisoma vitabu vya mashine nikijifanya navipangusa vumbi. Nilitazama mikono ya wengine kwa pembe ya jicho. Jambo lililonishinda nililizunguka mpaka mtu mwingine alifanye, kisha nikasema, "Hata mimi nilikuwa naelekea huko." Usiku nilikuwa naota mita zilizosimama. Watu husema kijana akiwa peke yake katika fani anajifunza haraka. Si kweli, au si kweli kwangu. Nilijifunza kuficha haraka, na nilikuwa hodari kweli kweli.

Mwezi wa tano fomu ilifika. Aliyekuwa mwalimu wangu chuoni aliituma kwa posta na kikaratasi: wanatafuta wasichana mafundi, mwaka mmoja ng'ambo, kila mmoja chini ya mhandisi mwanamke. Lilikuwa jambo nisilowahi kuliona kwa macho, mhandisi mwanamke, na nilikaa kitandani nikisoma maneno hayo mawili kana kwamba ni jina la mtu. Fomu ilihitaji saini ya meneja wangu, na ilitakiwa iondoke na posta ya Ijumaa ili iwahi. Kulikuwa na swali moja lenye mistari sita chini yake: kwa nini unataka kujiunga? Nikaijaza kwa Kiingereza kitamu, mawazo mapana na teknolojia mpya, yale yale niliyomwambia msichana wa sweta ya kijani. Nikaipeleka ofisini kwa Bwana Mutai, meneja, ambaye alisema ataisoma wiki hiyo. Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa nne panya alikuwa amenitafutia balaa.

Ndani ya draya kuna kijiti cha chuma kinachopima joto, na kutoka hapo waya maalumu unapeleka habari mpaka kwenye mita. Mita ikisoma chini, mtambo unaongeza moto wenyewe. Ikisoma juu, unaupunguza. Panya walikuwa wameutafuna waya wa draya namba mbili. Waya wa aina ile ulikuwa umeagizwa Nairobi lakini ulikuwa haujafika, na majani mabichi yalikuwa yamerundikana mpaka mlangoni kwa sababu ya mvua. Bwana Langat alikuja na rola ya waya wa kawaida, ule wa taa. "Chepto, unganisha na hii tusongeshe kazi. Waya si ni waya tu?" Niliishika ile rola na kitu fulani kikanichoma. Nilikumbuka mwalimu akisema kwamba waya wa kijiti kile ni wa jamii yake, usibadilishwe hovyo. Kwa nini, sikukumbuka, nadhani siku hiyo nilikuwa nyuma ya darasa. Wanaume watatu walikuwa wamesimama hapo, mmoja na kikombe mkononi. Swali lilikuwa fupi sana: huu utafaa kweli? "Unajua kuiunganisha?" akauliza Bwana Langat. Nikasema, "Najua."

Na nilijitahidi, hilo nalo lisemwe. Niliunganisha vizuri ndani ya kisanduku kidogo cha chuma ubavuni mwa draya, kisha nikaitisha sufuria ya maji yanayochemka jikoni, nikatumbukiza kijiti. Mita ikasoma tisini na tatu, ambapo maji huchemka kwenye miinuko yetu. Nikafurahi mpaka nikacheka peke yangu. Draya ilikuwa baridi wakati huo, kisanduku kilikuwa baridi, na kila kitu kilikuwa kweli. Bwana Langat akaandika kwenye kitabu cha kazi kwamba draya namba mbili imetengenezwa na kupimwa, akatia saini yake kama kawaida, kwa maana kazi zote ziliandikwa kwa jina lake.

Mchana Mama Kerubo aliingia zamu. Ilipata kama saa tisa nikipita na bisibisi yangu mfukoni aliponiita. Alikuwa amechota chai kwa kiganja, ameileta puani. "Chepkoech," akasema, jina langu zima ambalo karakana walilikata likawa Chepto, "hii inaungua." Nikatazama mita. Mia moja na kumi, ilivyotakiwa. Nikamwambia iko sawa. "Wachana na hiyo mita. Kuja unuse." Amri mpya ya msimu ule ilisema mhudumu wa draya asiguse mlango wa hewa moto bila neno la fundi, na neno la fundi lilikuwa langu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na fomu kwa meneja, na Rono alikuwa anatutazama. Nikamwambia, "Mama Kerubo, mita hata hujui kuisoma." Akairudisha ile chai ya kiganjani. Kisha akasema, "Sawa, fundi." Hakuwahi kuniita fundi kazini kabla ya siku hiyo. Nilisikia uchungu wa lile neno, nikaenda zangu.

Jumanne asubuhi mwonjaji wa chai alitema alichokuwa ameonja, akasogeza vikombe vyote vya zamu ya mchana pembeni. Chai ya draya namba mbili ilikuwa imeungua, mzigo wote. Nilitoka pale nikaenda nikagusa kile kisanduku cha chuma. Kilikuwa cha moto hata sikuweza kuacha kidole. Bado sikujua sababu, lakini mwili wangu ulijua kwamba ni kazi ya mkono wangu. Saa tano Mama Kerubo aliitwa ofisini, akaulizwa kama alilala au aliacha draya akaenda kupiga porojo. Akasema alimwambia fundi. Nikaitwa. Ofisi ya Bwana Mutai ilikuwa na zulia la kijani na kabati la vioo, na juu ya meza, chini ya kishikio cha karatasi, niliona fomu yangu. Mama Kerubo alikuwa amesimama, mimi nikapewa kiti. "Huyu anasema alikuambia chai inaungua," meneja akasema. "Ni kweli?" Nilimwangalia meneja, nikaangalia fomu, sikumwangalia Mama Kerubo. Nikasema, "Sikumbuki vizuri." Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu miaka yote hii kuyapunguza makali hayo maneno mawili, na sijafaulu. Akasimamishwa kazi papo hapo, kesi isikizwe Ijumaa saa nne, draya namba mbili ibaki imezimwa mpaka hapo, na akipatikana na kosa arudishe ufunguo wa chumba siku hiyo hiyo.

Jioni ile nilizunguka mashambani mpaka mvua ikanirudisha. Nilitegemea matusi. Nilimkuta anakoroga uji wa ugali, na sahani zilikuwa mbili. Akanipakulia, akaniwekea mboga, akaketi kitandani kwake na kula. Ningemeza mawe kwa urahisi kuliko ugali ule, na niliumaliza kwa sababu kuuacha kungekuwa kukiri. Jumatano ikawa vivyo hivyo. Alifua mashuka, akaanza kutoa nguo zake msumarini moja moja na kuzikunja, polepole, akinipa muda. Sasa najua alikuwa ananipa muda. Kuta za laini zile zilikuwa nyembamba, na upande wa pili tulisikia jirani akimwambia mumewe, "Yule wa workshop anaenda ulaya, na huyu anarudi Kisii. Si wanaishi chumba moja?" Mume akamwambia anyamaze. Mama Kerubo aliendelea kukunja. Mimi nilijifunika blanketi kichwani saa moja ya jioni kama mgonjwa.

Jumatano hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, nilikuwa nimesikia jambo. Ofisi ya Bwana Langat ilitengwa na karakana kwa mbao tu, na alikuwa kwenye simu na watu wa Nairobi akiuliza waya wake uko wapi. Nikasikia akisema, "Ile ya kawaida tuliweka kwa muda." Kisha kimya. "Kwani haifai?" Kimya kirefu. "Aaa," akasema. "Aaa. Ikipata moto. Sawa." Akaweka simu na hakutoka kwa muda mrefu. Alhamisi waya ulifika, akaufunga mwenyewe, peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na ule wa taa akaukata akautupa kwenye pipa la vyuma. Kisha akanisimamisha nyuma ya stoo ya kuni. "Chepto, sikiza. Hata mimi sikujua, na sahihi kwa kitabu ni yangu. Hii maneno tumalize sisi wawili. Fomu yako meneja anasaini kesho asubuhi, nimemwambia wewe ndiye fundi mzuri tuko naye. Huyo mama atapata kazi kwingine, hao hawakosi." Alikuwa na huruma machoni, na hofu pia, nadhani hata yeye hakujua kipi ni kipi. Na mimi, niseme ukweli, nilisikia raha. Niliondoka pale nikijiambia kwamba mkubwa wangu ameamua, na aliye chini hana la kufanya. Lakini nilipopita karibu na pipa nilichukua kile kipande cha waya, urefu wa mkono, nikakiweka mfukoni mwa ovaroli. Sikujua nakichukulia nini.

Ijumaa saa tatu Bwana Mutai aliniita. Fomu ilikuwa imetiwa saini na kupigwa muhuri. "Utatuletea sifa," akasema akinipa mkono. Gari la barua lilikuwa linaondoka saa sita. Nikatoka na fomu mfuko mmoja na waya mfuko wa pili, nikaingia kantini, mahali kesi ilipokuwa inasikizwa, kwa sababu mafundi wote tulitakiwa tuwepo. Mama Kerubo alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Ufunguo wa chumba ulikuwa mkononi mwake, tayari. Bwana Mutai akasoma kosa, akamuuliza kama ana la kuongeza. "Nilisema Jumanne," akajibu. "Sina lingine." Meneja akauliza kama kuna mtu mwenye neno. Bwana Langat alikuwa anaitafuta penseli yake. Jikoni mtu alikuwa anapanga sufuria, na nakumbuka nilimchukia kwa kelele ile. Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa ujasiri. Nilisimama kwa sababu nilimwona Mama Kerubo akianza kuinuka kuweka ule ufunguo mezani, na nilielewa kwamba ukigusa meza itakuwa imekwisha.

Nikasema waya niliunganisha mimi. Nikasema aliniambia inaungua, na nilikumbuka vizuri, na Jumanne pia nilikumbuka vizuri. Nikatoa kile kipande nikakiweka mbele ya meneja. Nikasema huu si waya wake, na sikujua. Bwana Mutai akaugeuza geuza. "Kama hukujua, kwa nini hukuuliza?" Nikamwambia jibu lililokuwepo: anayeuliza huosha vikombe. Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka, hata Rono. Mmoja wao alitazama chini, wengine wakamtazama Bwana Langat, naye akasema kwa sauti ndogo, "Sahihi ni yangu, bwana meneja." Meneja akauweka waya mezani. Kisha akamwambia Mama Kerubo arudi kazini mchana huo. Bwana Langat akapewa barua ya onyo. Mimi nikanyooshewa mkono, kiganja wazi, na ilinichukua muda kuelewa anataka nini. Nikamrudishia fomu. Akaikunja mara mbili akaitia mfukoni. "Labda mwaka ujao," akasema, "tukijua wewe ni mtu wa aina gani."

Nilimkuta Mama Kerubo chumbani anarudisha nguo zake misumarini. Nikaanza kuomba msamaha, akaniachia nikaomba mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Jumanne, Jumatano, Alhamisi, leo. Siku nne nimekupikia nikingoja useme." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nimefurahi umesema. Lakini tafuta chumba kingine." Jumamosi karani akanipeleka chumba namba thelathini, peke yangu, na usiku ule sikupata usingizi kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukoroma.

Wiki hiyo niliwaandikia wale watu wa ng'ambo. Sikuwa na fomu, nilichukua karatasi ya daftari. Nikaandika kwamba sitaweza kuomba mwaka ule, lakini lile swali lao la mistari sita nataka kulijibu upya. Nikaandika kwamba niliunguza chai kwa sababu ya waya, kwamba mwanamke mmoja karibu apoteze kazi, kwamba nilipo sina mtu wa kumuuliza, na kwamba mpaka leo sijui ule waya ulikosea wapi. Jibu lilifika mwezi wa saba, kurasa mbili kwa mkono, kutoka kwa mhandisi mwanamke niliyekuja kumfahamu baadaye. Hakugusia makosa yangu kwa neno. Alikuwa amechora kijiti, kisanduku na mita, na kueleza taratibu: waya wa kawaida unasahau kuhesabu joto la kisanduku, kwa hiyo kadiri kisanduku kinavyopata moto ndivyo mita inavyosoma chini, na draya inaongezewa moto bila mtu kujua. Mwisho akaandika, uliza lingine. Nililia kwa lile neno la mwisho. Niliuliza lingine, na lingine, mwaka mzima kwa barua, na mwaka uliofuata Bwana Mutai alisaini, nikaenda. Wengine walienda kwa ajili ya vyeti, na sina neno nao. Mimi nilienda kwa ajili ya watu ambao ningeweza kuwaambia sijui, na kesho yake bado nikawa fundi. Hilo ndilo ningemwambia yule msichana, na pia hili linalofuata, ambalo nisingelisema mbele ya ukumbi hata kwa dawa.

Siku barua ilipofika nilikimbia nayo mpaka kwenye draya namba mbili. Tangu Ijumaa ile mimi na Mama Kerubo tulikuwa tunasalimiana tu. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikimwonyesha michoro, nikimwambia sasa nimeelewa, sasa najua mita ilidanganya vipi. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya chai inayotoka. Akauliza, "Hiyo barua yako na hii ya kujibu, zimechukua muda gani?"

"Kama wiki sita."

"Wiki sita." Akakung'uta mkono. "Na mimi siku ile nilikuwa hatua mbili kutoka kwako."

Mashine ilikuwa inanguruma, na barua ilikuwa inalowa jasho mkononi mwangu. Ningeweza kuondoka, na nadhani alitegemea niondoke. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikavua saa yangu na kukunja mkono wa ovaroli. Nikamuuliza, "Ikianza kuungua, inanukaje?"

Wanaume wawili wa karakana walikuwa wanapita na toroli na walisikia, na sikuwageukia. Kisha Mama Kerubo akachota chai, akaileta chini ya pua yangu, kiganja chake cha moto kikinigusa mdomo.

"Hii bado," akasema. "Simama hapa. Ngoja."